Posa Iliyopita Juu ya Ukuta

Kota za kinu cha pamba pale Kibiti ni vyumba nane chini ya paa moja la bati. Babu yake Vipul, mwenye kota wa sasa, aliwajengea wafanyakazi wake, na kwa kubana matofali akazikomesha kuta za ndani usawa wa kichwa cha mtu mrefu. Kinu kilikufa zamani. Kota zimebaki na desturi yake: neno likisemwa chumba kimoja limefika vyumba vyote, na kulirudia ni kumdharau msikilizaji.

Mwanaamina alizaliwa chumba namba tano, akaolewa Chumbi, akafiwa, akarudi namba tano. Sasa ana miaka hamsini na nane, na namba sita yupo Saadi, mgane, fundi baiskeli, ambaye kwa miezi minne humpisha bombani kwa heshima zote bila kutamka kitu. Mwanaamina alishajiapia: Ramadhani ikiingia Saadi yu kimya, yeye anahamia kwa mwanawe kule Bungu.

Ndipo Vipul akaleta fundi wa kupandisha kuta mpaka juu. Kota nzima ikanuna, isipokuwa Mwanaamina.

"Angalau mwenye haya atapata pa kusemea," alisema, akipepeta mchele.

Ng'ambo ya ukuta nyundo ya Saadi ikanyamaza.

"Aseme nini tena, bibie? Si nilishaleta posa?"

"Posa? Kwa nani?"

"Kwako! Nilimtuma Kondo."

Kondo wa namba moja akajibu kutoka kitandani: "Nami nitembee ya nini? Alinituma kwa sauti, kota nzima ikasikia. Jumatatu ile ya maulidi."

"Jumatatu ile nilikuwa Bungu, mshenga mvivu we!"

Namba nane mtu akaangua kicheko, na namba tatu wakadakia. Miezi minne Saadi alingoja jibu na Mwanaamina akangoja swali. Majirani, kwa adabu, walikaa kimya, maana mwanamke anayeipima posa habughudhiwi.

"Vaa kanzu uje, Kondo," Mwanaamina akaamuru. "Hatua ishirini hazikuui."

Kondo akaja na kanzu na kofia, akabisha hodi kana kwamba ametoka Mafia, akayasema yote upya. Mwanaamina akajitanda kanga, akakubali kwa sauti ya kufika namba nane. Vigelegele vikawatimua popo kwenye kenchi za paa.

Fundi, mwiko mkononi, akauliza ukuta wa tano na sita aupandishe kozi ngapi za matofali.

"Huo toboa mlango!" vikamjibu vyumba sita vingine, wenyewe wawili hawajafungua midomo.