Fomu Iliyobaki Kwenye Droo

Tarehe 21 Februari 1977, muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya Kampala alipewa fomu mbili achague: stashahada ya ualimu wa uuguzi, aliyoingojea miaka sita, au kozi ya ukunga. Mikono yake ni mitulivu. Hupima mapigo ya moyo amefumba macho. Siku hizi gari likisimama nje, mikono hiyo hushika ukingo wa kitanda mpaka liondoke. Fomu ya stashahada hupelekwa wizarani, nayo inauliza wilaya ya kuzaliwa. Yake ni Acholi Mashariki. Wiki iliyopita wanajeshi walikuja na orodha ya majina, wakaondoka na wauguzi wawili Waacholi wa wodi ya jirani, ambao hawajarudi. Fomu ya ukunga haitoki ofisini kwa matroni, mkuu wa wauguzi.

“Sista, wewe si mkunga tayari?” matroni alimuuliza.

“Nitarudia, Mama.”

“Wale wanafunzi watakucheka.”

“Wacheke tu. Droo yako ina kufuli?”

“Inayo.”

Akajaza ya ukunga. Kozi inaanza Jumatatu, na atakaa darasani pamoja na wasichana aliowafundisha yeye mwenyewe kukata kitovu.