Waya Mpya Juu ya Msumari

Baiskeli ya mume wangu ilikuwa na gia tatu. Pale Pangani ya Kibaha, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, baiskeli za wenzetu zilikuwa za kukanyaga tu, kilima kikikushinda unashuka unasukuma. Yake ilikuwa na kidude kwenye usukani. Akikisogeza kwa kidole, gia inakuwa nyepesi, tunapanda kilima nami nimekaa upande kwenye keria, kanga mpya, miguu inaning'inia. Nilikuwa najidai, tena sana. Wanawake wengine walibebwa, lakini kwenye vilima walishushwa. Mimi sikushushwa.

Sasa ile gia inavutwa na waya mwembamba, unaopita ndani ya ganda lake mpaka gurudumu la nyuma. Waya wenyewe ni nyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja. Haukatiki wote kwa mpigo. Unakatika uzi mmoja, unafuata mwingine, ukipitisha kidole unachomwa. Gia inaanza kuwa nzito kuingia. Ganda nalo linapasuka pale linapojipinda, maji ya masika yanaingia, kutu inakaa humo ndani inakula. Hayo nayajua sasa. Wakati ule nilijua kukaa keria.

Fundi wetu alikuwa Maili Moja, kwenye kibaraza cha duka. Mnyamwezi, na kofia iliyolowa grisi, sikuwahi kumwona bila kofia hiyo. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani atakutukana, atakuchukulia kuku wako mchana kweupe, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mshamba.

Siku moja tulipita kwake kujaza upepo.

"Mtumwa wangu umefika," fundi akasema.

"Mtumwa nani?" mume wangu akamjibu. "Babu yako alikuja pwani na mizigo ya watu kichwani, akaomba maji ya kunywa kwetu."

"Na akapewa ya chumvi. Wazaramo wavivu hata wa kuchimba kisima!"

Huku anatukana, mkono wake unapapasa baiskeli. Akainua gurudumu la nyuma, akasogeza kile kidude, akasikiliza.

"Huu waya umekwisha," akasema. "Nyuzi zimeshakatika hapa chini, na ganda limepasuka. Badilisha vyote viwili. Ukitia waya mpya kwenye ganda bovu, nao utasagika. Usipobadilisha utakukatikia kilimani, na huyu shemeji utambeba mgongoni kama mbuzi wa arusi."

Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nilicheka.

"Siku Mnyamwezi akisema kweli," akasema, "mvua itanyesha kwenda juu." Akapanda, tukaondoka.

Na waya tulikuwa nao! Nduguye aliyekuwa akifanya kazi Dar alimletea, pamoja na ganda lake. Vipuri havikupatikana ovyo wakati ule, kwa hiyo mume wangu alivifunga kwenye karatasi akavitundika msumarini, juu ya kitanda. Mgeni akija anaonyeshwa.

Kiangazi kilipoanza, akaja mtu asubuhi kutoka kwetu Kisarawe. Mama yangu alikuwa amefariki alfajiri. Kaka zangu walisema watanisubiri mpaka adhuhuri, zaidi ya hapo hapana, maana joto lilikuwa kali na maiti haikai. Kwetu mama anaoshwa na binti zake, na binti alikuwa mimi peke yangu. Basi la kupitia Dar lilikuwa limeshapita. Tukapanda baiskeli, tukashika njia ya porini.

Sehemu ya tambarare tulikwenda vizuri. Mume wangu alikuwa na nguvu, sitamnyima hiyo. Vilipoanza vilima vya Kisarawe akasogeza kidude. Nikasikia "tak!", kitu kidogo tu, kama ukucha. Pedeli ikawa nzito ghafla, baiskeli ikayumba, nikaruka chini. Waya ukikatika, gia inabaki ile nzito kuliko zote, na hiyo huwezi kupandia mlima na mtu nyuma.

Akashuka, akauvuta ule waya, akajaribu kuufunga kwa uzi alioutoa kwenye shuka yake. Ukachomoka. Akaufunga tena.

"Iache hapa," nikamwambia. "Twende kwa miguu."

"Niache baiskeli porini? Una wazimu?"

"Basi baki nayo."

Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikaenda. Nyuma nilikuwa nasikia magurudumu yakisagika kwenye mchanga, mwisho sikuyasikia tena.

Karibu na nyumbani nilikutana na wanaume wanarudi makaburini, wanakung'uta mikono. Kaka yangu mkubwa akaniona, akatazama chini. Nikapita nyuma ya nyumba. Ufuo, lile shimo linalopokea maji ya kumwoshea, ulikuwa umeshafukiwa. Udongo ulikuwa bado umelowa. Mama alikuwa ameoshwa na majirani.

Siku ya tatu, siku ya hitima, akaja yule fundi. Mtani hakosi msiba wa mtani wake. Aliingia analia kilio cha uongo, akalala kwenye mkeka wa mama, akakohoa kikohozi cha kizee, vile vile kama mama. Baadaye akaenda kwenye baiskeli, ambayo mume wangu aliifikisha kwa kuisukuma akaiegemeza ukutani, akauchomoa ule waya uliokatika, akamfunga nao mume wangu shingoni, akamzungusha uani.

"Nauza beberu! Rangi nzuri, pembe nzuri, gia hana!"

Watu walicheka. Nami nilicheka, makamasi yananitoka.

Mume wangu, waya bado uko shingoni, akamuuliza, "Mtani, siku ile ulikuwa unasema kweli?"

"Kweli."

"Mbona hukusema kwamba ni kweli?"

"Ningesema hivyo ungenicheka mara mbili."

Hapo ndipo nilipomwambia fundi mimi, mbele ya wazee na wageni. "Kuanzia leo, ukisema kweli uvue kofia."

Wote wawili wakanitazama. Fundi akaigusa kofia yake, mume wangu akaitikia kwa kichwa.

Waya wa msumarini ulitiwa wiki ile ile, na ganda lake. Masika ikapita, ikaja nyingine. Kila mvua zilipokatika nilipitisha kidole mwenyewe, pale chini ya kidude. Siku moja nikachomwa, nikanyamaza, nikataka kuona watafanyaje.

Tulisimama Maili Moja. Wakaanza kama kawaida yao, huyu mtumwa, yule mvivu. Mume wangu alikuwa ameshapanda tuondoke. Fundi akapapasa ganda, akasimama, akavua kofia. Kumbe alikuwa na upara unaong'aa.

Mume wangu alikuwa katikati ya tusi. Akalimeza, akashuka.

"Fungua," akasema.

Nikakaa kibarazani kusubiri. Siku hiyo tulikuwa tunakwenda kununua chumvi tu.