Kheri ya Kheiria

Kheiria alichaguliwa kwa ajili ya mdomo wake. Mabela nzima, huku Oman, iliujua: fundi wa AC akichelewa siku moja, atajuta kuzaliwa. Siku wazazi walipokutana shuleni kwa mabinti zao kuchagua Baraza la Wazazi, kina mama wa Kiswahili walikonyezana tu.

"Mtieni Kheiria," alisema Lamya, jirani yake wa ukuta mmoja. "Huyo haogopi mtu."

Akazoa kura, akawapikia pilau la shukrani.

Lamya alikuwa na lake. Bintiye Fajr, wa darasa la tatu, hasikii vizuri. Hufuata masomo kwa kutazama midomo ya mwalimu. Shule ilikuwa ikiandika orodha ya watoto wa kuombewa mwalimu msaidizi, na jina lake halikuwamo. Asipopata, atapelekwa kwa khalati yake, dada wa Lamya, katika mji wa Suhar, kwenye shule yenye mwalimu wa aina hiyo, mbali na mama yake.

"Litaje jina lake barazani, shoga yangu, kabla orodha haijaondoka kwenda wizarani."

"Mdomo huu nnao wa nini basi?" Kheiria akamjibu.

Siku ya kikao kahawa ilipita, na tende, na halwa. Kisha mwenyekiti, Bi Mazoon, mwanamke wa haiba na Kiarabu kilichonyooka, akawauliza wajumbe habari, mmoja mmoja, kama desturi ya Oman ilivyo. Zamu ya Kheiria ikafika. Naye nyumbani alifundishwa kwamba mgeni akiulizwa habari hujibu kheri kwanza, hata kama paa linaungua. La moyoni hulitoa akiulizwa mara ya pili.

"Hakuna ila kheri," akasema, akangoja mara ya pili.

Bi Mazoon alikuwa na wajumbe kumi na mmoja na saa moja tu. Akaishukuru kheri ile, akamgeukia wa pembeni.

Hapo angekohoa tu, basi! Lakini mwanamke yule yule anayegombana na madereva wa malori ya maji aliona haya kuonekana hana adabu, tena kwa Kiarabu chake chenye lafudhi ya Unguja. Akajiambia atasema mwishoni. Mwishoni ukaletwa ubani, na ubani ukishapita hakuna tena kukaa. Akajiambia atapiga simu kesho. Kesho yake akakuta orodha imeshaondoka asubuhi.

Alasiri Lamya akaja. "Umesema?"

"Tumelizungumza," Kheiria akamjibu. Neno hilo moja linamchoma mpaka leo.

Fajr akapelekwa Suhar. Kheiria akamaliza miaka yake miwili barazani akipigania kila kitu: kivuli uwanjani, maji baridi, ngazi iliyobomoka. Alisema mpaka Bi Mazoon akawa anacheka akimwona anafungua mkoba. Akapewa cheti cha shukrani, na mumewe akakitundika sebuleni. Wazee walisema majuto ni mjukuu. Ya Kheiria yalikuwa yakija kila likizo, na mkoba wa shule mgongoni.

Likizo hii alikwenda kwa Lamya kumsalimia mtoto. Lamya alikuwa jikoni akitia chai.

"Habari za Suhar, mwanangu?"

Fajr alimtazama midomo mpaka akamaliza. "Kheri tu, khalati."

Kheiria aliijua kheri hiyo. Akainama, midomo yake ionekane vizuri, akauliza mara ya pili. "Niambie kweli. Habari gani?"

Macho ya mtoto yakajaa. "Kila siku nalia. Usimwambie mama."

Lamya akaingia na sinia, akicheka. "Haya, mnateta nini nyinyi?"

Kheiria alitaka sana kusema kheri. Lilikuwa neno jepesi, na lilikuwa tayari ulimini.

"Weka sinia, Lamya, ukae," akasema. "Nna habari." Akaanzia siku ile ya kikao.