Kitufe cha Kuteremkia Giakanja

Mume wa dada yangu aliponunua lile gari kubwa linalovuta kwa magurudumu yote manne, hatukusikia lolote kuhusu injini wala viti. Tulisikia kuhusu kitufe. Kilikuwa karibu na mkono wa gia, kina picha ya gari dogo likiteremka mlima, na shemeji alikieleza kwa kila aliyekubali kusimama: kwenye lango la kanisa, kwenye duka la dawa za ng'ombe, hata matangani. Ukikibonyeza, alisema, gari linajishusha mlimani lenyewe nawe umekunja mikono.

Mimi alinionyeshea Chaka. Anayeijua Chaka anajua kwamba pale hata maji ya mvua hayajui yaelekee wapi. Kwenye tambarare ile akabonyeza, taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi, na hakuna kilichotokea.

"Umeona?" akaniuliza.

Nilisema nimeona. Mtu akishapewa lifti huona mengi.

Msimu wa mvua ulipoanza, mama yangu alitoka hospitalini Nyeri mjini baada ya upasuaji wa nyonga. Daktari alisema jambo moja na akalirudia: asianguke, asirushwerushwe, kwa sababu nyonga ile ikihama tunaanza upya, na kwa umri wake huenda tusiweze kuanza. Nyumba yetu iko Giakanja, chini kabisa ya mteremko wa udongo mwekundu ambao ukinyeshewa huwa kama sabuni. Majirani walikuwa wamefunga kiti cha mbao kwenye miti miwili, wakasimama kule juu wakisubiri kumbeba.

Shemeji, aliyetuleta na gari lake kutoka hospitalini, aliwaona akatabasamu kwa huruma, kama mtu mwenye jiko la gesi anayetazama wengine wakipuliza kuni.

"Hawa nao wanataka kubeba mama kama gunia ya viazi," alisema. "Hii gari iko na akili yake. Itamfikisha mpaka kwa mlango."

Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbali. Mama mkwe hamkemei mkwewe, hamkatazi, hamgusi. Akiwa na neno hulipitishia kwa mtu mwingine, hata kama mwenyewe ameketi palepale. Kwa hiyo mama, akiwa kiti cha nyuma amezungukwa na mito, aliniambia mimi:

"Muulize baba ya watoto kama ni lazima."

"Mama anauliza kama ni lazima," nikasema.

"Mwambie asiwe na wasiwasi," akajibu shemeji, na mama akanitazama, na mimi nikatazama mbele. Nilikuwa na hofu na nilikuwa na hasira, na heshima zetu zote hazikuwa na mahali pa kuziweka.

Akabonyeza kitufe. Kwa hatua chache, naapa, kilifanya kazi. Gari lilianza kutambaa, breki zikijikamata zenyewe, gurudumu moja baada ya jingine, huku chini kukitoka mngurumo kama wa kinu cha posho mill. Kumbe ndiyo sauti yake. Lakini shemeji hakuwa amewahi kuisikia, maana Chaka hakuna mlima, na akadhani gari lake linasagika. Basi akafanya kile ambacho kila dereva wa huku hufanya akiona mteremko, tangu Mweiga hadi mjini: akatoa gia. Aliuvuta mkono hadi kwenye herufi N ili gari literemke bure bila kunywa petroli. Mtu amenunua gari la bei ya shamba, na bado anaibia mlima vijiko viwili vya mafuta.

Taa ilipepesa ikazima. Mngurumo ulikoma. Gari likawa jepesi, likachukua mwendo, shemeji akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, na tukateleza ubavu hadi kwenye ukingo wa majani ya nepia ya ng'ombe. Mama alilia mara moja tu, sauti fupi, na nilipogeuka alikuwa ameshika nyonga yake kwa mikono miwili. Sijawahi kuogopa vile.

"Haijahama," alisema. "Bado."

Wanaume wa kiti walikuja mbio kutusaidia. Wa mbele akateleza akaketi matopeni, wa pili akaketi juu yake, na kiti kikatua peke yake pembeni. Mama aliliangalia jambo hilo lote kupitia dirishani.

Mimi nilikuwa nimeshakitazama kitabu cha gari lile, siku tulipokuwa tunamsubiri mama nje ya hospitali. Kilikuwa bado ndani ya nailoni yake, nikakitoa. Kimeandikwa Kijapani, lakini michoro haihitaji Kijapani: gari mlimani, herufi N imekatwa msalaba.

"Ulitoa gia," nikamwambia shemeji. "Bila gia hicho kitu kinalala."

"Petroli nayo?" akaniuliza, kwa dhati kabisa.

Hapo mama akafanya ambacho hakuwa amekifanya tangu dada yangu aolewe. Aliongea naye moja kwa moja.

"Shuka," alimwambia. "Wewe lete kiti."

Alishuka. Nikahamia kwenye usukani. Majirani wakalisukuma gari likanyooka, nikaweka gia ya chini, nikabonyeza. Kazi yote iliyobaki ilikuwa kuondoa mguu, na hiyo ndiyo ngumu, kwa sababu mguu wangu ulitaka breki kama mtoto anavyotaka titi. Niliukunja chini ya kiti. Nikashika usukani tu. Kile kinu kikaanza kusaga, na gari likatambaa polepole hadi mlangoni, na hata mto mmoja haukuanguka.

Tulikuwa tumeshamsimamisha mama na mikongojo yake shemeji alipofika. Kiti kilikuwa kichwani, matope yamempanda hadi kifuani, kiatu kimoja mkononi. Akakiweka chini mbele ya mama. Mama akaketi taratibu, akavuta pumzi, kisha akanigeukia mimi, kama desturi inavyotaka.

"Mwambie baba ya watoto," alisema, "nimeshukuru kwa kiti."