Masizi ya Siku ya Soko

Kila nikikwangua masizi ya sufuria na harufu yake ikachanganyika na ya mawese, narudi kimawazo pale kwenye kizuizi cha wenye silaha, mbele ya mti waliokuwa wameulaza katikati ya barabara.

Jana yake nyanya yangu alikuwa amepita porini kwenda kupiga kura. Wenye silaha walikuwa wameapa kukata kila kidole chenye wino, na wino wa nyanya haukutoka, hata kwa majivu na ndimu. Sasa ilikuwa siku ya soko, nyanya ilimbidi aende nasi, na njia ya sokoni ilikuwa moja tu, ya kupita kwao.

Asubuhi mama, ambaye hakupiga kura, ambaye alishtuka hata baba akikohoa, alichanganya masizi na mawese akakipaka kidole chake mwenyewe, kikawa cheusi kama cha nyanya. Majirani wakanyoosha vyao, hata mke wa pasta wa kanisa letu. Mwishowe akakishika changu, akakipaka pia.

Kizuizini, kijana mwenye bunduki alitutazama mikono.

“Bamama bote mulichagua?”

“Bote,” mama akajibu. “Kama munakata, mukate bote.”

Sauti ile sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu.

“Na huyu mutoto?”

“Na yeye.”

Nikainua kidole. Kijana akatutazama mmoja mmoja hadi wa mwisho, kisha akauinua ule mti tupite.

Mwaka huu pia, kwa sababu ya vita, sanduku la kura halikufika kwetu. Nimekwangua sufuria hata hivyo, nikachanganya masizi na mawese, nikapaka kidole changu. Binti yangu akaninyooshea chake.