Miti Mikavu ya Chemchemi Yetu

Habari ya kifo cha monita, msimamizi wetu wa misitu, niliipata sokoni hapa Kamina, kwa mama muuza makala, yaani makaa ya kupikia, mtu wa mwisho niliyemtarajia amlilie. Kwa miaka mingi marehemu alimfukuza kutoka bonde la chemchemi yetu kwa baiskeli isiyo na breki. Mara nyingi alimpita, akaenda kusimama mbali, katikati ya muhogo wa watu, huku mama akiendelea kufunga mizigo yake bila haraka. "Sasa nani atatugombeza?" aliniuliza, akijifuta machozi kwa kiganja chenye masizi, hata uso ukawa mweusi kuliko makala yake. Nilimshukuru Mungu kwa mtu anayeliliwa hata na waliomkimbia.

Wasomaji waliohamia mtaani kwetu juzi hawajui kwamba chemchemi ile ilikaribia kutupotea. Miti ya mteremko ilikuwa imeishia kwenye makala, maji yakawa yanatoka kwa kusitasita, na mkubwa wa zone, mtawala wa eneo letu, alikuwa ametangaza kwamba tusipopanda miti, bonde litapewa wachoma matofali. Hao wangemaliza hata visiki. Monita akaomba tuitumie Salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi, mkubwa aje ajionee mwenyewe. Alipita nyumba kwa nyumba akisema: "Kila muntu akuje na muti moja." Neno hilo ndilo lililotuponza. Huku kwetu muti ni mti uliosimama, lakini pia ni fito, ni kuni, ni mpini wa jembe. Jumamosi watu walifika kwa bidii ya kupendeza, miti mikavu mabegani. Wake wa askari kutoka Base, kambi ya jeshi, walileta nguzo za kuanikia nguo. Mzee mmoja alileta bakora yake, akaomba arudishiwe jioni.

Monita alitutazama, akafungua kifungo cha juu cha koti lake la abakosti, akakifunga tena. Gari la mkubwa lilikwisha kusikika. Akasema kwa sauti ndogo kwamba tuchimbe tu. Mkubwa akakuta mistari iliyonyooka ya fito, na raia wamesimama kando kama wazazi siku ya mtihani. Alizunguka, akaigusa ile bakora, akauliza mbona miti haina majani. Ndipo akanigeukia mimi, kwa sababu ya kofia yangu ya sala.

"Mwalimu, weye haudanganyake bantu. Hii miti itaota?"

Nilitazama juu, nikasema kwamba hakuna kinachomshinda Mungu. Akaridhika. Atarudi mvua ikiisha, alisema, na asipoona jani, bonde ni la matofali.

Jioni nilikwenda kwa monita kuungama kwamba nilikuwa nimesema kweli ili kuficha kweli. Nilimkuta uani akijaza udongo kwenye mikebe ya maziwa yenye miche. Hakunifariji.

"Ile maneno ulisema iko kweli, Mwalimu. Njo kesho asubui ukuye na ndoo."

Miche ikaingia mmoja mmoja chini ya fito zetu, nazo fito zikawa kinga dhidi ya mbuzi. Mwaka ule mvua ilichelewa. Kila baada ya sala ya alfajiri nilipanda mteremko ule, maji yakiingia viatuni zaidi kuliko kwenye miche. Wenye fito waliona haya, wakaleta ndoo zao. Mwenye bakora naye alikuja, hasa kuikagua. Mkubwa aliporudi, majani yalimfikia magotini. Akatangaza kwamba yeye alijua tangu siku ya kwanza, na monita akampongeza kwa moyo mweupe.

Jana tulimzika. Asubuhi nilitawadha kwa maji ya chemchemi ile, yanayotoka sasa bila kubembelezwa. Hakuwa wa dini yangu, lakini katika vitabu vyote nilivyofundishwa sikupata somo la imani lililoniumiza mgongo kama lake. Nilidhani siku ile nilikuwa nimejibu swali la mkubwa na kuponea chupuchupu. Kumbe nilikuwa nimetoa ahadi kwa jina la Mungu, na monita peke yake ndiye aliyeisikia. Tangu hapo, kila ninapotaka kulitaja jina hilo mbele ya watu wenye shida, kwanza najiuliza kama niko tayari kubeba maji.