Baba Alikuwa Nyuma ya Pazia la Mama Bosibori

Aibu hii nimeitunza miaka mingi, na ningeendelea kuitunza kama si vijana wa siku hizi kuniambia kwamba magazeti ya zamani yamewekwa kwenye kompyuta, kwamba unaandika jina la kwenu na mwaka unaoutaka, unakunywa chai yako taratibu, na baba yako anatokea. Mimi nilipomtafuta baba yangu kwenye magazeti, aliyetokea ni mimi mwenyewe, nimepiga magoti kitandani mwa mama wa watu, viatu miguuni, kichwa chini makalio juu, mbele ya wazee wa koo mbili.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwetu Gesima. Baba alikuwa ameshafariki zamani, nikiwa darasa la saba, mama akamfuata kabla hata kaburi la baba halijaota nyasi vizuri, na kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba niliacha shule, nikajifunga kikapu cha majani chai mgongoni na kuwa baba na mama wa wadogo zangu. (Sisemi hivi ili nionewe huruma, majani chai yalitulea.) Mdogo kabisa alikuwa Moraa, ambaye baba alimwacha akiwa bado anabebwa mgongoni. Tangu alipojua kuuliza aliniuliza baba alikuwa mtu wa namna gani usoni, nami nilimjibu kwamba alikuwa mrefu, mweusi, mpenda kucheka, maneno ambayo yangewafaa nusu ya wanaume wa Gesima. Nilichomficha ni kwamba hata mimi sura ilikuwa imeanza kuniponyoka. Nilichokumbuka vizuri ni mgongo wake, kwa sababu asubuhi tulikuwa tunamfuata nyuma kwenda shambani, na kofia yake ambayo ndama aliitafuna ukingo.

Picha hatukuwa nayo. Kitambulisho chake kilirudishwa kwa chifu alipokufa. Lakini baba alikuwa ametokea gazetini mara moja. Siku kiwanda cha majani chai kilipofunguliwa alikuja mkubwa fulani kutoka Nairobi, na baba akarudi jioni akitangaza kwamba amepigwa picha bega kwa bega na mgeni wa heshima. Gazeti lilinunuliwa, mama akalitia sandukuni, panya wakazalia humo.

Basi nikawa mtu wa magazeti makuukuu. Nikinunua nyama, nasoma karatasi kwanza ndipo niangalie nyama. Mjini Kisii kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka, aliyewauzia wachongaji wa Tabaka magazeti ya zamani ya kufungia vinyago vyao vya mawe visivunjike njiani, naye aliniruhusu niketi stoo nikifunua bunda baada ya bunda, mradi niyafunge tena kama nilivyoyakuta. Nilikohoa vumbi la stoo ile miaka na miaka, mpaka akaacha kuniita kwa jina langu akawa ananiita Gazeti.

Moraa alipopata mchumba, mwalimu mmoja wa upande wa Nyaramba, jioni moja akisugua sufuria aliniambia bila kuinua macho, "Kaka, nitaolewa na kuondoka hapa bila kumjua aliyenizaa?" Nikamwambia hutaondoka hivyo. Nilisema kama mtu anayeahidi mvua.

Siku ya kwenda kuona boma la wakwe ikafika. Nilienda nikiwa ndiye baba wa msichana, ndani ya koti la baba yetu mdogo Mokaya, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Njiani alinionya niseme kidogo, nile ninachopewa, niangalie ninachoonyeshwa. Kwetu Wakisii kuna kitu tunakiita chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya, na katika chinsoni chumba cha kulala cha wazazi hakiingiliki, seuze cha wakwe. Nilimwambia baba mdogo hilo analijua hata mtoto.

Tulikaribishwa vizuri sana. Mama Bosibori, mama wa kijana, alikuwa amebandika magazeti mapya kwenye kuta za udongo za sebule kwa ajili yetu, hata uji wa unga aliobandikia ulikuwa bado unanukia, nami nikapewa kiti cha heshima kando ya pazia la mlango wa chumba cha kulala. Pembeni ya sikio langu gazeti moja lilikuwa limebanduka kona, na chini yake kulikuwa na lingine la zamani, limekuwa rangi ya chai. Nikasoma. Kilikuwa kiwanda chetu. Ile siku yenyewe, mgeni yule yule, na mwisho wake maandishi madogo: picha, ukurasa wa tano.

Sijui wazee walizungumza nini baada ya hapo. Niliitikia tu. Nilikuwa nawaza kwamba mtu akibandika gazeti, kurasa zake hufuatana ukutani, na ukuta ule ulikuwa unaendelea nyuma ya pazia, na chumbani, ambako mgeni hafiki, hakuna sababu ya kufunika ya zamani kwa mapya. Ndipo wakasimama twende tukaone ng'ombe wa mahari. Nikasema watangulie, kiatu changu kimeingia jiwe.

Jiwe halikuwako. Hapo ndipo nilipojiharibia, maana kwanza nilisogeza pazia kwa kidole kimoja tu, nikaona ukingo wa ukurasa wa tatu, nikaingiza kichwa, kichwa si mtu, nikauona wote, nikaingiza mguu mmoja nikiacha mwingine sebuleni ili nisihesabiwe nimeingia, na ukurasa wa tano ulikuwa kule kule kwenye kona, chini, kando ya mto wa kulalia, tena umebandikwa kichwa chini miguu juu, kwa hiyo nikapanda kitandani kwa magoti, nikainama mpaka utosi ukagusa blanketi, na katikati ya kundi la watu wanaoning'inia kama popo nikaiona kofia iliyotafunwa ukingo.

Nadhani nilipiga kelele. Mimi sikumbuki, lakini kuku aliyekuwa analalia mayai chini ya kitanda alinisikia, akatoka kama aliyechomwa moto, nami kwa mshtuko nikashika kilichokuwa karibu, ambacho ni pazia, kamba ikakatika. Walipokuja mbio kuangalia ni nyoka au ni mwizi, hapakuwa na kitu cha kunisitiri.

Kisha mzee wa boma, baba wa kijana, akasema polepole akiangalia pembeni, "Humo hata wanangu wa kiume hawajaingia tangu watahiriwe."

Baba mdogo Mokaya akavua kofia yake. "Tulikuja kuona boma, momura, kijana wangu," akaniambia. "Wewe umeona mpaka kitanda."

Nilitolewa nje. Wazee wao wakaingia jikoni kushauriana, ng'ombe wakarudishwa malishoni, jambo ambalo kila mmoja wetu alilielewa, na baba mdogo akaniambia kwamba tukifukuzwa, mimi ndiye nitakayemweleza Moraa. Nilikaa juu ya jiwe karibu na zizi nikimwaza Moraa nyumbani, ameosha vikombe vyote, anasubiri habari. Miaka yote ile nimemlea, halafu namvunjia ndoa kwa shingo yangu mwenyewe.

Aliyekuja ni Mama Bosibori. Alisimama mbali nami kidogo, kama inavyotakiwa. "Ulikuwa unatafuta nini chumbani mwangu?"

"Baba yangu, mama."

"Baba yako si alikufa?"

"Yuko ukutani. Karibu na mto wako. Umemsimamisha kwa kichwa."

Nikamweleza yote, panya, stoo ya Mhindi, Moraa na sufuria zake. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono mdomoni, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Alisema yeye hakusoma, aliona tu ni watu, hakujua upande upi ni wa juu. Akarudi jikoni, nasi tukasikia sauti ya mzee wa boma.

"Ina maana mkwe wangu amekuwa chumbani mwangu miaka yote hii," mzee alisema, "ananiangalia nikilala. Sasa huyu mwanawe wa dakika mbili ana kosa gani?"

Hapo ndipo jikoni kulipolipuka kwa kicheko, na baba mdogo akavaa kofia yake tena. Lakini chinsoni ni chinsoni. Niliagizwa nilete pazia jipya, na ikaamuliwa kwamba mkwe hawezi kulala tena mle ndani hata usiku mmoja. Gazeti lenyewe lilikuwa limeshikana na udongo, ukilibandua linakatika, kwa hiyo mzee akachukua panga akakata ukuta wake mwenyewe, kipande cha mraba, udongo pamoja na fito zake, na Mama Bosibori akakiweka kwenye ungo. Palipobaki tundu alisema pakae hivyo hivyo, chumba kilikuwa kinakosa dirisha.

Niliubeba ungo ule mpaka Gesima nikitembea kama mwenye mayai. Moraa alitupokea njiani akidhani ni chakula cha wakwe. Niliuweka mezani, nikaugeuza, na baba akasimama kwa miguu yake.

Hakuwa bega kwa bega na mgeni wa heshima. Mgeni alikuwa mbele na wakubwa wenzake, na baba alikuwa nyuma kabisa, katikati ya miavuli miwili, amenyoosha shingo kama kuku anayechungulia ghala, kofia juu, mdomo wazi anacheka. Sura ikanirudia yote mara moja, hata ile sauti. Moraa alimtazama baba muda mrefu, akapitisha kidole karibu na uso wake bila kuugusa, kisha akanitazama mimi, ambaye habari zangu baba mdogo alikuwa ameshazimwaga zote pale mlangoni.

"Kaka," akasema, huku machozi yakimtoka na kicheko pamoja, "sasa najua hiyo shingo uliitoa wapi."

Aliolewa mwezi uliofuata, katika nyumba yenye pazia jipya. Mimi tangu siku ile nikikaribishwa mahali naomba kiti cha katikati, mbali na ukuta, na wenyeji wakisema twende tukaone ng'ombe, huwa ndiye wa kwanza kusimama.